Mgongo Uliosingiziwa

Wifi yangu ni fundi cherehani, na wateja humwita Mama Futi kwa sababu futi yenyewe haihitaji. Ukiingia dukani anakutazama mara moja tu, kutoka shingoni hadi magotini, kisha anaandika: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Futi huitoa baadaye kwa heshima, ili mteja asijione amepimwa kwa macho kama ng'ombe mnadani. Namba anazopata kwa futi ni zilezile alizokwisha kuandika, na hapo huwa ananitupia jicho ili nimsifu. Simsifu.

Mimi ni dada wa marehemu mume wake. Nakaa meza ya pili, nashona vifungo na kupinda mapindo kwa mkono, na kazi yangu ya tatu ni kumchokoza. Utani kati ya wifi na wifi ni haki, na haki yangu siiachi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Cherehani yake ya miguu iko chini ya dirisha, majora ya vitambaa yamesimama ukutani, na pembeni kuna pazia kwenye waya, pa kujaribia nguo. Nyuma ya pazia hilo wifi ana utaratibu wake. Watu wengi huona haya kumwambia fundi nguo inawabana wapi, hasa inapobana pale pasipotajwa mbele za watu. Basi anawapa kipande cha chaki na kuwaambia, "Weka alama panapobana, mimi usiniambie kitu." Mteja anachora huku amevaa, anavua, anaitoa nguo juu ya pazia. Mabwana harusi, wajawazito, hata kiongozi mmoja wa dini mwenye tumbo la heshima, wote wamepita kwenye chaki ile na siri zao zimebaki kwenye kitambaa.

Miezi saba iliyopita wifi alianza kuchechemea. Nilimwambia kama anatafuta mume wa pili, mwendo huo hautamsaidia. Hakucheka, na mimi nikajua mambo yameharibika. Nikamshika mkono hadi kituo cha afya.

Daktari wa pale ni kijana wa mtaani kwetu. Wifi ndiye aliyemshonea kaptula yake ya kwanza ya shule, naye akaikojolea siku hiyohiyo kabla ya kengele ya pili. Amesoma, ameoa, ana koti jeupe, lakini kwetu dukani jina lake mpaka leo ni Dokta Kaptula. Mbele yake tunamwita Daktari.

"Unaumwa wapi, mama?" akauliza.

Wifi akapeleka mkono nyuma, juu kidogo ya makalio. "Mgongo, mwanangu."

"Maumivu yanashuka mguuni?"

"Yanashuka, mpaka karibu na goti."

Daktari akambonyeza mgongo, pingili kwa pingili. "Hapa?"

"Hapohapo," akasema wifi, kwa sauti ya mtu anayekaribishwa chai.

Tukarudi na vidonge, mkanda wa mgongo na karatasi ya mazoezi ya kulala kifudifudi. Mkanda aliufumua jioni ileile akaushona upya, maana alisema aliyeushona hakuwa na mwalimu. Tukaweka ubao chini ya godoro. Majirani wakaja na mafuta yao, kila mmoja na chupa yake, na kila mmoja akiwa na shangazi aliyepona kwa mafuta hayohayo. Wifi alikuwa ananukia kama gereji. Mguu ukazidi kuwa mzito.

Mwezi wa saba wa maumivu hayo daktari alikuna kichwa. Akasema huenda ni kule kukaa na kukanyaga mchana kutwa, na kwamba ingekuwa vizuri aachane na mashine. Mwanawe mkubwa, karani wa ofisi anayeishi mbali kidogo, alipolisikia hilo hakungoja. Ana nyumba yenye chumba cha ziada, ana mke mwema. Akapanga kila kitu kwa simu: Jumamosi angekuja na pikapu, mama angehamia kwake, na cherehani ingechukuliwa na mnunuzi aliyekwisha kumpata.

Wifi alijibu, "Sawa, mwanangu." Tangu siku hiyo akawa anaitia cherehani mafuta kila jioni, na cherehani haikuwa na kiu. Mimi nilikasirika, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Ninamjua. Mtie mwanamke yule katika chumba cha wageni, aletewe chai kwenye sinia na kuambiwa apumzike, utamzika kabla ya mwaka kwisha. Nami ningebaki na vifungo vyangu, bila mtu wa kumsema.

Alhamisi ndipo nilipofumbuka macho. Asubuhi lililetwa jora jipya, zito kweli. Wifi akainama, akalibeba, akalisimamisha ukutani bila hata kuguna. Haikupita nusu saa akataka kuvaa viatu aende msalani. Kiatu cha kushoto kiliingia. Cha kulia alikiweka sakafuni, akawa anakifukuza kwa vidole vya mguu chumba kizima, huku ameshikilia meza, jasho linamtoka, mpaka kikakwama chini ya cherehani.

"Wifi," nikamwambia, "huu ni mgongo wa aina gani? Unabeba jora, unashindwa na kiatu."

"Wewe pinda pindo."

Nikaweka sindano chini. Nikafunga mlango, nikavuta pazia, nikamwekea gauni la kijani lililokuwa halijachukuliwa na mwenyewe, pamoja na chaki mkononi. "Weka alama panapouma. Mimi usiniambie kitu."

Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Mimi si mteja."

"Mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa watatu. Hilo hunitishi nalo."

Lakini akaingia. Alikaa kule muda mrefu hadi nikadhani amelala. Mwishowe gauni likaja juu ya pazia, nikalitandaza mezani. Nyuma palikuwa safi, hata vumbi la chaki hapakuwa nalo. Mbele, upande wa kulia, kwenye mkunjo ambapo paja linaungana na mwili, alikuwa amechora na kurudia na kurudia mpaka chaki ikavunjika. Alama nyingine ndogo ilikuwa ubavuni pa nyonga, na mstari mwembamba ulishuka mbele ya paja ukaishia karibu na goti.

Nilicheka kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa. Kisha machozi yakanitoka bila ruhusa yangu.

"Miezi saba," nikasema. "Mkanda, ubao, mafuta ya watu. Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani?" akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Yule niliyemshonea kaptula? Nishike hapo mbele yake? Mgongo una heshima. Kila mtu anaumwa mgongo."

Ijumaa asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la kituo, gauni likiwa ndani ya mfuko. Wifi alitazama ukutani wakati mimi nalitandaza juu ya meza ya daktari. Nikamweleza: alama ni maumivu, mkono ni wake, aibu pia ni yake. Daktari akaliangalia mbele na nyuma. Akamlaza kitandani, akamkunja goti la kulia kuelekea kifuani, kisha akaugeuza mguu pole pole, unyayo ukienda nje. Wifi akapiga ukelele na kumshika kola ya koti.

"Ungenigeuza hivi mwezi wa kwanza," akasema alipopata pumzi, "ningekupiga, lakini ungejua."

"Na mimi nimekosa, mama," akasema Daktari. "Nilibonyeza uliponionyesha nikaridhika. Sikuugusa mguu." Akavuta kiti. "Mgongo ukiwa ndio mbaya, mara nyingi uchungu unakaa nyuma kiunoni. Kuinama na kubeba kunauchochea, na ukishuka huweza kupita goti hadi unyayoni, pamoja na ganzi. Nyonga inauma mbele, hapo ulipochora, au ubavuni. Unaijua unapovaa kiatu, unapoteremka kwenye gari, unapogeuka. Wapo wenye yote mawili, ndiyo maana lazima tupime kote. Lakini mgongo wako, kwa ninavyouona, haujafanya kosa lolote."

Picha ya eksirei aliyopigwa hospitali kubwa mchana huo ilionyesha gegedu la nyonga ya kulia, lile linalozuia mifupa isisuguane, limelika. Daktari hakuficha: halitaota tena, na huenda siku moja likahitaji upasuaji. Kwa sasa kulikuwa na mazoezi mengine ya mapaja na makalio, vidonge kidogo, na fimbo ya kushika mkono wa kushoto.

"Na mashine?" wifi akauliza.

"Inua kiti, nyonga isikunjwe sana. Kanyaga kwa mguu wa kushoto. Simama kila baada ya muda. Nani alikwambia uiache?"

"Wewe," tukamjibu kwa pamoja.

Jumamosi mwanawe alifika mapema, yeye na mkewe na wapagazi wawili wenye kamba. Walimkuta mama yake juu ya kiti kirefu nilichoazima kwa kinyozi, anashona suruali kwa mguu mmoja.

"Mama," akasema kijana, "daktari alisema ni mgongo. Alisema uache."

"Daktari alisema nilichomwambia." Wifi akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akashuka kwenye kiti, akasimama wima mbele ya mwanawe, mkwewe na wapagazi wawili, akaweka mkono wake kwenye mkunjo wa paja. "Ninaumwa hapa."

Kijana akatazama sakafu. Mkwewe akatazama dirisha. Mpagazi mmoja akaanza kuisoma kamba yake.

"Mnaona?" akasema wifi. "Ndivyo mlivyo, na ndivyo nilivyokuwa mimi. Karibu niipoteze cherehani yangu kwa ajili ya macho haya. Niangalie, mwanangu."

Mwishowe akainua uso, akamtazama mama yake, akautazama ule mkono na pale ulipokuwa.

"Inauma sana, mama?"

Kwa miezi saba alikuwa ametujibu sote kwamba ni kidogo tu, ni uchovu, ni umri.

"Sana," akasema. "Inauma sana." Na mkono hakuuondoa.