Jina la Ombasha Stambuli

Enzi za Mjerumani, Salum bin Stambuli alikuwa fundi cherehani barazani kwa duka la Taherali, mjini Morogoro, mtu mpole ukimkuta kazini. Lakini umtajie Mikidadi, mtoto wa shangazi yake, uone sura inavyomharibika.

Chanzo ni jina. Baba yake Salum, ombasha katika jeshi la Mjerumani, alikwenda vita vya kusini asirudi. Wazee wa Kinole, kijiji chao cha mlimani, wakasema jina lake halirithiwi mpaka ijulikane alivyoishi huko na alivyokufa. Na kwa Waluguru jina la marehemu huchukuliwa na mtoto wa dada yake. Akishalichukua, yeye ndiye marehemu, na watoto wa marehemu humwamkia kama baba.

Salum aliyajua hayo tangu utotoni. Hata hivyo alijipa moyo kwamba akiitafuta habari yeye, pengine wazee watamwonea haya wampe yeye jina. Miaka miwili, kila Ijumaa baada ya swala, alizunguka kwa askari walioacha jeshi akiulizia. Mikidadi huyo kakaa zake mlimani anapalilia migomba, hata kuuliza hakuuliza. Wivu ulimla Salum, wivu wa kumnyima mtu chakula.

Mwishowe, mtaa wa Mwembesongo, alimpata Mzee Furaha, aliyekuwa kikosi kimoja na baba yake.

"Hakufa kwa risasi, mwanangu," alisema mzee. "Tumbo la kuhara lilimshika njia ya Mahenge. Siku ya mwisho alimwita mtoto mmoja tu. Mikidadi, Mikidadi, mpaka sauti ikakatika."

Salum alirudi kazini akashona mikono ya kanzu nyuma mbele.

Siku ya kurithisha jina aliwasimulia wazee yote, isipokuwa hilo. Wakamshukuru sana, kisha jina wakampa Mikidadi. Shangazi yake, Mwanaasha, akamsogeza mbele. "Mwamkie baba yako."

"Shikamoo, baba," alisema Salum, meno yameumana. Mikidadi alikuwa mdogo wake kwa miaka mitano.

"Marahaba, mwanangu." Mikidadi alimshika Salum mkono. "Umenitafuta peke yako, Mikidadi akiogopa kusikia. Hebu niambie, wakati nakufa nilimwita nani?"

Salum angeweza kujitaja mwenyewe, na hapo hapakuwa na wa kumbishia. Jina lake lilikuwa limemfika ulimini.

"Ulimwita Mikidadi, baba," alisema. Na wivu ulikuwa palepale.