Namba Tatu Yuko Nje

Usiseme "ajali haina kinga" mbele ya baba yangu. Mgeni mmoja aliisema sebuleni kwetu akakalishwa chini, akasimuliwa ngazi zilizoegeshwa vibaya, nyaya zilizochunika na mawe yaliyolegea, moja baada ya jingine, mpaka chai yake ikapoa. Baba alikuwa mratibu wa usalama, kwanza mgodini, baadaye kwenye ujenzi wa maghorofa, na aliamini methali hiyo ilitungwa na mvivu. Wafanyakazi walimwita Bwana Subiri, kwa sababu hakuna kazi iliyoanza mbele yake kabla hajasema, "Subiri kwanza."

Utotoni nilidhani kila nyumba ina ubao kama wetu. Ulipigiliwa ukutani kando ya mlango wa mbele, ukiwa na safu mbili za misumari: ya juu imeandikwa NDANI, ya chini NJE. Kila mmoja wetu alikuwa na kibati chake, duara lililokatwa kwenye kifuniko cha kopo la rangi, likapigwa namba kwa ncha ya msumari. Ukitoka unakishusha, ukirudi unakipandisha. Baba alikuwa namba moja, mama mbili, mimi tatu. Nilipokuwa na miaka minane mdogo wake mama alipata kazi mgodini akaja kuishi nasi, nami nikashushwa nikawa nne. Nililia. Baba akasema namba zinafuata umri, hazifuati machozi.

Jioni baba alisimama mbele ya ule ubao kama anayesoma gazeti. Safu ya chini ikiwa tupu, alisukuma komeo la chuma mlangoni, likalia ngaa, na sote tukajua siku imekwisha. Kama kuna aliyekuwa bado nje, mlango ulifungwa kwa ufunguo tu, ili akija ajifungulie. Komeo lilimngoja. Mimi naikumbuka sauti ile kuliko wimbo wowote wa utotoni. Nililala vizuri sana miaka ile, na sijalala hivyo tena.

Mjomba nilimnunia wiki moja tu, maana hakuwa mtu wa kununiwa. Alikuwa na mluzi mmoja wa pumzi tatu, na akitoka kazini aliupiga tangu kwenye kona. Nikiusikia, naruka kupandisha kibati chake ili akifika akute ameshaingia. Siku moja baba akanishika mkono.

"Kibati cha mtu hupandishwa na mwenyewe."

"Lakini baba, yuko pale kwenye kona. Namsikia."

"Kwenye kona si ndani."

Nilimwona mkali bila sababu. Mjomba alicheka, akasema shemeji yake angeweza kumkagua hata kuku kabla hajaingia bandani.

Ubao wetu ulikuwa mtoto wa ule wa mgodini. Kule, mchimbaji alitundika kibati chake kwenye mlango wa shimo akiingia, na kukichukua akitoka. Zamu ikiisha na ubao ukawa mtupu, ndipo fundi baruti aliruhusiwa kulipua mwamba. Lakini mwisho wa zamu watu wamechoka na foleni ya kwenye ubao ni ndefu, hivyo marafiki walichukuliana. "Nichukulie na changu, niko nyuma yako." Ulikuwa wema mdogo tu, kama kumshikia mwenzio mzigo. Baba alikuwa ameuona mara kadhaa akafumba macho, na hilo alikuja kulijutia.

Siku ninayoisema, nikiwa na miaka kumi na moja, ubao ulikuwa mtupu na nyaya za baruti zimeshaunganishwa. Baba akasema subiri kwanza, akaenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa na desturi yake ambayo haikuandikwa popote: wachimbaji wakivaa mabuti huacha kandambili zao chini ya benchi, naye aliinama kuchungulia huko kabla ya kila mlipuko. Alikuta pea moja ya bluu, mkanda umefungwa kwa waya. Akarudi nazo mkononi.

"Ubao mtupu," meneja akamwambia. "Tunangoja nini?"

"Mwenye hizi."

"Si ameondoka na mabuti?"

"Labda."

Meneja akamwambia kama hakuna mtu mle ndani, kesho asihangaike kuja. Baba akatundika kibati chake mwenyewe, akachukua taa, akashuka.

Kandambili zilikuwa za mchimbaji tuliyemwita Kinyozi, kwa kuwa ndiye aliyewanyoa wenzake. Alikuwa amerudi ndani kuchukua chupa yake ya chai, akateleza kwenye ngazi ya pili, kifundo cha mguu kikamgeuka. Alikuwa ameita mpaka sauti ikamkauka. Kutoka alipokaa hadi kwenye baruti hapakuwa mbali kuliko kutoka sebuleni kwetu hadi jikoni.

Na aliyemchukulia kibati alikuwa mjomba.

Baba aliandika ripoti mezani sebuleni. Mama alisimama nyuma yake na mwiko mkononi.

"Mtu amepona. Kinyozi mwenyewe hana kinyongo. Andika 'mfanyakazi', mume wangu. Damu nzito kuliko maji."

"Nikificha la shemeji yangu, kesho nitaandikaje la ndugu wa mwenzangu?"

Aliandika majina mawili. La kwanza lilikuwa lake, kwa kuona watu wakichukuliana vibati na kunyamaza. Yeye alipewa barua ya onyo. Mjomba alifukuzwa kazi.

Mjomba hakugombana. Alifunga begi lake, akasimama mlangoni, akasema, "Ungeandika tu 'mfanyakazi', shemeji. Neno moja." Baba alitazama sakafu. Mjomba akanyoosha mkono kwa mazoea, akakishusha kibati chake, akaondoka. Nilimpenda baba na nilimchukia, vyote jioni ile ile.

Mgodi ulifungwa, baba akahamia kwenye maghorofa, akipigana na watu wanaopanda jukwaa bila mkanda. Mjomba alimpigia mama simu kila mwezi na kuniulizia mimi. Hakumuulizia mtu mwingine. Mwaka wa pili mama akachoka.

"Kitoe basi hicho kibati, kinaniumiza macho."

"Hajafukuzwa hapa," baba akasema. "Yuko nje."

Komeo likakaa kimya miaka kumi na minne.

Siku hizi baba amestaafu. Mashine za kuchoronga miamba mgodini zilimla masikio. Mimi bado naishi kwao, nimerithi kazi yake, na mafundi wangu nao wana jina la kuniita ambalo sitaliandika. Jumamosi moja mchana mwaka jana tulikuwa sebuleni, niliposikia mluzi kwenye kona. Pumzi tatu. Mama alitoka jikoni mikono ina unga. Baba aliendelea kumenya chungwa lake. Nilikuwa nimeshafika kwenye ubao, mkono umeshagusa kibati namba tatu, ndipo nikakumbuka. Nikauondoa mkono, nikafungua mlango.

Mjomba alikuwa na mvi na kofia ngumu mkononi. Alikaa mkabala na baba, na nadhani alikuwa amejipanga kusema taratibu.

"Shemeji, niliandika jina la mtu."

"Eh?"

"Niliandika jina la mtu."

Baba akaweka kiganja sikioni. Ikabidi mjomba apaze sauti mpaka jirani aliyekuwa akianika nguo akageuka. Alisema sasa yeye ni msimamizi kwenye machimbo ya kokoto, na ameweka ubao wa vibati. Wiki ile kijana wake mmoja, kijana mzuri, mwenye watoto wawili, alimchukulia mwenzake. Mjomba alikaa na kalamu asubuhi nzima. Alilitafuta lile neno moja, na kila alipotaka kuliandika aliona kandambili za bluu.

"Kalamu nzito, eh?" baba akasema.

"Nzito, shemeji."

Baba akampa nusu ya chungwa, kisha akaelekeza kidevu ukutani. Mjomba akainuka. Kibati kilipong'oka kiliacha duara jeupe kwenye ubao. Akakitundika juu, kati ya cha mama na changu. Mama akarudi jikoni haraka, na hakuna aliyemfuata.

"Tia komeo," baba akaniambia.

"Saa nane hii mchana, baba?"

"Wote wako ndani. Tia."

Lilikuwa limeshika kutu, nikalisukuma kwa mikono miwili. Lilipolia, baba, ambaye siku hizi hasikii hata honi ya lori, aligeuza kichwa.