Komoni Ndani ya Chupa

Aliyesoma jina langu kwenye orodha ya waliopunguzwa kiwandani alikuwa msimamizi wa zamu yetu. Alilikosea, akalirudia, kisha akatazama saa yake. Nilikuwa nimesimama kwenye mashine za kufuma nguo miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo miezi michache baadaye, alipofika nyumbani kwangu Mji Mpya na viatu vyake vinavyong'aa na daftari kwapani, sikumpa kiti. Nilimwacha mlangoni, juani.

"Nasikia mama yako mkubwa anapika pombe," alisema.

"Wanywaji wanajua."

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Bia, ambayo zamani uliipata kwa kujuana na mwenye duka, sasa ilipangwa dirishani pamoja na makopo ya nchi ambazo hatukuwahi kuzisikia. Baa zilipakwa rangi mpya mji mzima. Yeye naye alikuwa anafungua ya kwake karibu na stendi, na alitaka kitu ambacho wengine hawana: pombe ya kienyeji ndani ya chupa, ina kizibo, ina lebo yenye picha ya milima ya Uluguru, inatoka kwenye friji. Alihitaji mtu wa kumzungusha vilabuni na kumwonyesha iliyo nzuri.

Nilikubali. Sikuwa na kazi, ni kweli, lakini hiyo haikuwa sababu. Nilitaka kumwona yule mtu akiwa katikati ya watu ambao hawezi kuwasomea majina.

Tulizunguka wiki tatu, mchana kweupe. Tulianza na vilabu vya Chamwino, tukaenda upande wa Mzinga, tukafika Kingolwira. Kila mahali alifanya vilevile: alipangusa benchi kwa leso, akaonja, akatema pembeni, akaandika. Kina mama wapika pombe walimtazama kama wanaotazama nzi kwenye maziwa. Kingolwira mzee mmoja alimshika mkono wa kalamu.

"Bwana, hapa hatutemi. Ukionja, umemeza."

"Mimi niko kazini, mzee."

"Na sisi tuko nyumbani."

Watu walicheka. Yeye aliandika kitu kwenye daftari, shingo imemwiva. Siku ile nilirudi nyumbani nimefurahi kuliko siku yoyote tangu nitoke kiwandani, na furaha yenyewe haikuwa nzuri.

Mwisho nilimpandisha mlimani kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenilea. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na viatu vyake havikufika vinang'aa. Mama mkubwa alikuwa amekaa mbele ya mapipa yake mawili yaliyofunikwa magunia, na wateja watano sita wako ukutani. Mimi nilipiga goti, nikasema shikamoo. Yeye alisema, "Habari, mama," kana kwamba anasalimia karani.

"Karibu, mgeni," mama mkubwa alisema. Alichota komoni, pombe yake ya ulezi, kwa kata, akampa kwa mikono miwili. Mtu yule akaipokea, akainusa, akaimwaga chini. Kisha akatoa bilauri kwenye mkoba wake na kumnyooshea.

"Nitilie humu. Nataka kuona rangi."

Wateja wote waliweka vikombe vyao chini. Mama mkubwa alitazama pale chini, komoni yake ikizama udongoni. Alikuwa ameotesha ulezi, ameuanika, ameusaga kuwa kimea, amepika uji usiku kucha na kuusubiri uumuke. Alimtilia kwenye bilauri. Lakini tangu hapo hakumsemesha tena. Alisema na mimi tu.

"Hii ndiyo," jamaa alisema, na safari hii alimeza. "Nataka madumu kumi."

"Mwambie atapata," mama mkubwa aliniambia. "Pombe ni ya kuuza."

Wakati wabebaji wanajaza madumu, yule bwana alikwenda mtoni kuosha viatu. Mama mkubwa alikuwa anaziba midomo ya madumu kwa majani makavu ya mgomba, bila kuyakaza.

"Mwambie mgeni wako hii bado inachemka. Naiziba hivi ipumue. Asiifunge kwenye kitu kigumu. Ikifungwa inapasua."

"Nitamwambia."

Njiani, wabebaji wametutangulia, yule bwana aliniuliza mama mkubwa alikuwa ananiambia nini pale.

"Amekutakia safari njema," nilisema.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, chupa zilijazwa nyuma ya baa. Alikuwa amenunua mashine ya mkono ya kuzibia. Mhudumu wake, msichana wa Ngerengere aliyekuwa na mtoto mchanga kwa bibi yake huko, ndiye aliyeosha chupa na kuzishika. Aliniletea chai na chapati bila kuombwa. Alinisimulia kuhusu meno ya mtoto wake. Alikuwa wa kwanza katika biashara ile yote kuniita dada.

"Dada, mbona inatoa povu hivi?"

Povu lilikuwa linapanda shingoni mwa chupa kabla hata kizibo hakijashuka. Mtu yule alikuwa hatua tatu tu kutoka kwetu, anabandika lebo.

"Ndivyo ilivyo," nilimjibu.

Sijaficha jambo hili na sitalipaka rangi. Nilikuwa nimepiga picha kichwani: kreti zinalipuka stoo, sakafu yake mpya imelowa, wageni wake wanaziba pua, yeye ana ufagio mkononi. Hiyo picha niliipenda sana. Katika picha hiyo hapakuwa na mtu mwingine.

Jumamosi alasiri baa ilifunguliwa. Walikuja maofisa, walimu wa chuo, wenye maduka. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara kwenye kivuli cha duka la vipuri, kwa sababu sikualikwa. Niliona akisimama kuhutubia. Niliona mhudumu akitoka stoo na sinia la chupa sita, amelishika juu, karibu na uso.

Ya kwanza ilipasuka kama tairi. Ya pili na ya tatu zilifuata hapohapo. Wageni walilala chini, wakidhani ni risasi. Mhudumu alikuwa ameketi sakafuni, mikono usoni, na komoni imemwagika mapajani mwake ikiwa nyekundu. Stoo nako kukaendelea, moja baada ya nyingine. Msimamizi wetu alikimbia kwa mlango wa nyuma. Sakafu ile aliifagia mtu mwingine.

Jicho la kushoto la msichana halikupona. Nilikwenda kumwona hospitalini siku ya tatu, nimebeba machungwa. Bandeji ilifunika nusu ya uso.

"Dada, wewe ni mtu wa pombe," alisema. "Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwa na ushahidi.

"Nilijua."

Alinitazama kwa lile jicho moja lililobaki.

"Chukua machungwa yako utoke."

Nilipanda mlimani kumweleza mama mkubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama. "Mimi alinidharau, nikakupa neno la kumpelekea," alisema. "Neno langu umelipeleka wapi?" Hakunifukuza. Alinipa chakula, akanitandikia. Ila tangu siku ile mpaka alipofariki hakuniruhusu kugusa kimea chake, na kazi ile akamfundisha binamu yangu huku mimi naona.

Yule bwana hakupatwa na kitu. Sakafu yake ilipigwa deki, akajaza friji makopo kutoka nje, na baa yake ikastawi. Tulipokutana barabarani alinisalimia vizuri, hakujua lolote, na mimi niliendelea kumchukia kama zamani, hata zaidi.

Msichana wa Ngerengere alianza kuuza mitumba sokoni. Kwa miaka nilizunguka nisipite kwenye meza yake. Siku moja nilijilazimisha, nikachagua sweta la mtoto, nikalishika mbele yake. Alinitambua. Alitaja bei, akalikunja, akalitia kwenye mfuko, akanipa bila kunigusa mkono.

"Mwingine," akasema, akimtazama mteja aliyekuwa nyuma yangu.