Silvano Wabwile, Aliyebeba Kiti cha Chifu

Alizaliwa mwaka 1908 karibu na Kimilili, msimu ambao mvua ilisomba mahindi ya watu wengi, akapewa jina la babu yake, Wabwile. Utotoni hakuonyesha dalili yoyote ya utakatifu, nami sitabuni moja ili kuwafurahisha wasomaji. Alikuwa na shingo nene, basi, na kwa ajili ya shingo hiyo Chifu Wakhungu alimwajiri mwaka 1926 awe mchukuzi wa kiti chake.

Siku zile chifu hakuketi kwenye kiti cha mwenyeji. Kiti chake mwenyewe, cha mbao nzito za mlimani, kilitangulia kichwani mwa mchukuzi hadi mahali pa baraza. Mchukuzi alikitua, akakifuta kwa kitambaa, akasimama kando. Watu waliinuka kwa heshima mara kilipofika, hata kabla mwenyewe hajaonekana. Tulikuwa tukiamkia mbao, na hakuna aliyecheka.

Asubuhi moja ya mwaka 1930, katika mlima wa kwenda Kapsokwony, Wabwile alihisi kiti kimekuwa kizito ghafla, kama kwamba mtu amekipanda. Alifika, akakitua. Alipopitisha kitambaa, mbao zilikuwa na joto, joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Chifu alikuwa bado nyuma, mwendo wa saa nzima. Siku hiyo Wakhungu aliamuru watu wachapwe viboko, kwa sauti ambayo mke wake mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuitambua.

Wabwile aliacha kazi ile akaenda Kitale, akalima katika shamba la mzungu, akajifunza kusoma misheni. Alibatizwa mwaka 1933 kwa jina la Silvano. Ndipo alipofundishwa maneno ya Mtume kwamba watawala wa dunia walimsulubisha Bwana kwa sababu hekima ya Mungu ilifichwa machoni pao. Padri alimweleza kwamba Wakristo wengi wa kwanza hawakudhani Mtume anamsema Pilato peke yake, bali wengine pia, wasioonekana, waliosimama nyuma yake. Silvano alikishika kisogo chake.

"Hao nawajua, Padri," alisema. "Nimewabeba."

Kuanzia mwaka 1936 alikuwa katekista wa Kapsokwony. Mwaka 1944, wakati wa vita, Chifu Wakhungu alikamata wanaume kwa nguvu wakafanye kazi katika mashamba ya Kitale. Mume wa Jerono, muumini wetu, alirudishwa akiwa maiti. Watu walishuka Kimilili na mapanga hadi nyumbani kwa chifu, wakakuta askari wamekimbia na chifu amejifungia ndani. Mbele yao alikuwa Kibiwott, mhunzi, ndugu wa marehemu. Silvano alisimama mlangoni. Nakiri kwamba mimi pia nilikuwa na panga.

"Mwalimu, si wewe ndiyo ulitufundisha watawala walisulubisha Bwana?" Kibiwott aliuliza. "Sema tu ni huyu, bana, tumalize."

Silvano aligonga mlango, akafunguliwa, akatoka na kile kiti, akakiweka uani juani. "Hakuna mtu amekaa," alisema. "Inua."

Kibiwott, aliyezoea kubeba fuawe peke yake, alikishika kwa mikono miwili. Kiti hakikutikisika. Alijaribu tena mpaka damu ikamtoka puani. Kisha aligusa mahali pa kukalia, akaurudisha mkono upesi.  Kuku waliacha kuparuza.

"Mkikata Wakhungu, hawa watahamia kwa mwingine," Silvano alisema. "Pengine kwako, Kibiwott. Walipotundika Bwana walifikiri wameshinda. Hiyo ndiyo hawakujua. Mungu anawashinda kwa kubebeshwa."

Akainama, akakitwika. Tulisikia shingo yake ikilia. Alipanda hadi Kapsokwony bila kukitua hata mara moja, nasi tukamfuata, na Wakhungu nyuma yetu bila viatu, akilia. Jioni alikiweka mbele ya altare ya kanisa letu la nyasi. Jerono alimtazama chifu kwa muda mrefu, kisha akamletea maji ya kunawa miguu. Sijawahi kuona jambo gumu kuliko hilo.

Silvano alifariki siku ya tatu, tarehe 17 Septemba 1944. Waliomwosha waliona mabegani mwake alama za miguu minne ya kiti, na juu yazo alama za vidole ambavyo havikuwa vyake. Siku ya maziko Jerono alikiinua kiti kwa mkono mmoja, akakisogeza ili jeneza lipite. Wakhungu aliacha uchifu, akawarudisha nyumbani wanaume waliobaki Kitale, akawa mfagiaji wa kanisa hadi kufa kwake.

Kumwita mtakatifu rasmi ni kazi ya Kanisa, nasi tutangoja. Kumwiga hatuhitaji kungoja. Yeyote anayepewa madaraka, hata madogo, akipapase kiti chake kabla ya kuketi, na akikiona kina joto, apige magoti kwanza. Mwaka jana, 1957, waumini walinichagua kuwa mwenyekiti wao. Nilikipapasa kiti changu mbele ya wote, wakacheka, wakidhani nafanya mzaha.

Nimekuwa nikisimama tangu siku hiyo.