Kumtafuta Makokha, Lindi hadi Kawangware

Nyanya yangu Nekesa hakumjua babake. Makokha aliondoka Bungoma kwenda kutafuta kazi Nairobi binti akiwa bado ananyonya. Baadaye zikaja habari kwamba amekufa. Miaka ikapita, mtu mwingine akasema yu hai, hataki tu kurudi. Nyanya amezeeka na uchungu huo. Palizi ilipoisha aliniita jikoni. "Nenda uniulizie. Kama alitutupa, niambie. Usinifiche."

Huko Nairobi, Kibera, nilifikia mtaa wa Lindi, kwa binamu yangu fundi viatu. Asubuhi alinipeleka kwa Mama Halima, Mnubi ambaye babake ndiye aliyempangisha Makokha chumba. Alinikaribisha mkekani, akanimiminia chai.

"Makokha wa mahindi!" akacheka. "Akitoka tu kazini, yuko chini kwa mto na jembe. Sisi watoto tulikuwa tunamwibia mahindi mabichi, yeye anajifanya hatuoni."

"Alioa hapa?"

"Wapi! Alikuwa na mke na msichana wake mdogo huko nyumbani. Alikuwa ananisimamisha mlangoni anasema, 'Wangu sasa amefika hapa,' anaweka mkono kwa kichwa yangu. Halafu kule machimbo ya mawe alikokuwa anafanya kazi, jiwe likamvunja mguu. Alilala hospitali sana. Kutoka huko akahamia Kawangware, kwa kina Kamau."

Mchana tulikwenda kwa miguu, tukapitia Riruta hadi kituo cha matatu cha Kawangware 46. Mzee Kamau tulimkuta nyuma ya nyumba zake za mabati, akimwagilia sukuma wiki kwenye kishamba kisichozidi upana wa mlango.

"Hapa kote kulikuwa shamba," alisema. "Makokha alilima na baba yangu mpaka siku Makokha alipokufa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomzika."

Nikamuuliza mbona hakurudi kwao. Aliweka ndoo chini.

"Alirudi. Mguu ulipopona alipanda treni. Kufika kwa ua, akaona mke wake na mtoto mchanga mgongoni, na ndugu yake analima. Si waliambiwa amekufa, ndugu akamrithi mke? Aliniambia, 'Kamau, ningeingia, ningevunja nyumba ambayo haina makosa.'"

"Na msichana wake?"

"Alikuwa anafukuza kuku kwa mahindi ya kuanika. Mtoto akamsalimia, kama mgeni tu. Makokha akaitikia, akageuka."

Njiani kurudi Bungoma sikulala. Kwetu tulikuwa tumehukumu mtu kwa kuwa hayupo, na hakuna aliyewahi kufunga safari kuuliza.

Nyumbani nilimkuta Nyanya akichambua maharagwe. Nilimweleza yote, sikuficha. Aliusogeza ungo kando.

"Sura yake siikumbuki," alisema. "Wapita njia walikuwa wengi, na mama alitufundisha kusalimia kila mtu." Akapangusa macho kwa leso. "Lakini nilimsalimia."