Baba Mkwe Nyuma Yangu kwenye Bodaboda

Marafiki, hebu nisaidieni.

Leo nilipanda bodaboda Khayega kumpelekea mume wangu mtamu chakula kazini, mjini Kakamega. Ndoa yetu ina wiki tatu tu, niacheni nideke.

Njiani dereva akasimama kuongeza abiria.

"Madam, sogea mbele."

Nikasogea bila kugeuka.

"Haya, twende," abiria akasema.

Sauti ya baba mkwe.

Kwetu mke wa mwana hampi baba mkwe hata mkono. Sasa tumebanana, na jam ya malori imetuzuia.

"Madam, unashukia wapi?" dereva akauliza.

Nikaonyesha mbele kwa kidole. Nikijibu, mzee atanijua.

Ghafla mzee akashuka. "Mimi nitatembea." Akaenda bila kuangalia nyuma.

Jumapili tunakula kwake. Mume wangu anasema, "Mpenzi, hakukujua."

Basi mbona alishuka?