Kuku wa Mama Mkwe na Pedi za Breki

Mimi ni mbishi, muulize yeyote Lipangalala, hapa Ifakara. Msimu mzima pikapu yangu ilikuwa ikivuta tela la mpunga, na breki zikaanza kupiga mluzi. Mke wangu akiusikia tu, anajua narudi, anabandika maji ya ugali. Nikaona hiyo ni faida, fundi wa nini?

Basi mke wangu akajifungua, nikatumwa Mang'ula kumchukua mama yake aje kumtunza mzazi. Sasa, kwa kina mke wangu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemeshani. Miaka tisa ya ndoa, mama yule hakuwahi kunitamkia neno. Kila kitu kilipitia kwa binti yake, na siku hiyo binti yake alikuwa kitandani Ifakara. Mama akakaa kiti cha nyuma, kuku wa supu ya mzazi mapajani. Magunia yake ya mpunga, chakula chake cha mwaka mzima, tukayapanga kwenye tela.

Hatujafika mbali nikasikia, "Kuku wangu, unasikia? Hiyo breki haipigi mluzi tena. Inasaga."

Lo! Anaongea na kuku! Na masikio anayo, maana ujana wake wote aliumalizia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nami kwa adabu zote nikamjibu kuku.

"Kuku, mwambie mama huo ni mchanga tu."

"Kuku, mchanga haunuki. Hapa kuna chuma kinaungua. Tena akikanyaga breki gari linakimbilia kushoto. Gurudumu la kulia halishiki."

"Kuku, mwambie mama dereva ni mimi."

Kuku akatoa sauti moja fupi. Nilijua kabisa yuko upande wa nani.

Tukafika kwenye mteremko wa darajani. Mbele, ng'ombe wanavuka. Nikakanyaga breki, chuma kikalia kwa chuma, mwendo haupungui, na tela lisilo na breki zake linatusukuma kwa nyuma. Nikamfikiria mtoto wangu, hata jina bado hajapewa.

"Mwanangu!" mama akapiga kelele. "Rudisha gia! Rudisha gia, mwanangu!"

Nikarudisha namba mbili, kisha namba moja, injini ikanguruma, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Tukasimama hatua chache kutoka mkia wa ng'ombe wa mwisho.

Fundi alikuja na bodaboda kutoka Mlabani, akafungua gurudumu la mbele la kulia. Pedi imebaki bati tupu, diski imechimbika mifereji.

"Bosi," akasema, "ule mluzi ndio ulikuwa unaomba pedi mpya. Na ukivuta tela zinaisha haraka zaidi. Hukuambiwa?"

"Aliambiwa na kuku," mama akasema, akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Kisha akajifunga kanga upya. Kwao, anayevunja mwiko wa ukwe hutoa kuku. Akaniletea yule yule, kwa mikono miwili.

"Pokea, mwanangu. Nimeuvunja mwenyewe, na sijutii. Wa supu tutatafuta mwingine."

Mimi, mbishi wa Lipangalala, nikafuta mikono kwenye suruali. Nikampokea kuku, machozi yananilenga mbele ya fundi.

"Asante, mama," nikasema. Miaka tisa, na ndiyo kwanza namwita hivyo bila kumtuma mtu.